Betri ya selfu kwenye msumeno wa zamani: ukibadili seli, angalia na chaja

Msimu wa korosho ukishapita na magunia yakishaingia ghalani, kazi inayofuata kwenye mashamba mengi ya Mtwara na Lindi ni ya matawi. Mikorosho inapogolewa, na ile mizee inakatwa ili ichipue upya au ibebeshwe vikonyo vya aina bora zilizotokana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara. Hapo ndipo misumeno ya mnyororo hutolewa stoo. Karibu yote ni ya kuvuta kamba. Lakini mara mojamoja hutokea mashine ya zamani yenye selfu, ya enzi zile ambazo kampuni kama McCulloch ya Marekani zilijaribu kumpunguzia mkataji kazi ya kamba kwa kuweka mota ndogo ya kuwashia pamoja na betri ya kuchaji. Injini ni nzima, kabureta inasafishika, mnyororo unapatikana. Kilichokufa ni betri, na betri ya namna ile dukani haipo tena.

Inabidi isukwe upya. Kusuka betri hakuwashindi mafundi wetu. Mtu anayefufua redio na taa za sola kila siku ataunganisha seli kumi bila shida. Tatizo huja baada ya mteja kuondoka. Betri mpya inachomekwa kwenye chaja ya zamani, au kwenye chaja yoyote iliyoandikwa volti 12, watu wanalala. Hatari ya kazi hii iko hapo kwenye soketi, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya makala haya itakuwa juu ya kuchaji.

Kwanza mashine yenyewe. Misumeno mingi ya kizazi hicho ilitengenezwa kabla breki ya mnyororo haijawa kitu cha kawaida. Breki hizo zilienea kuanzia miaka ya 1970. Kwenye msumeno wa kamba, ili injini izunguke lazima mtu avute kwa makusudi. Kwenye wenye selfu, kidole kikigusa swichi kimakosa kinatosha. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya wowote chomoa betri, chomoa kofia ya plagi, kisha vua mnyororo. Betri ipeleke kwenye meza nyingine mbali na tangi la petroli, kwa kuwa cheche ndogo ya kupima waya inatosha kuwasha mvuke wa mafuta. Na betri isichajiwe ikiwa bado imefungwa kwenye mashine yenye petroli.

Ukifungua kasha la betri ya wakati ule, mara nyingi utakutana na seli za nikeli-kadimiamu (Ni-Cd), aina iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899. Kila seli ni volti 1.2. Soma volti zilizoandikwa kwenye kasha, gawanya kwa 1.2, utapata idadi ya seli: betri ya volti 12 ina kumi. Ukubwa unaokutana nao sana ni ule unaoitwa sub-C, unene milimita 22 au 23 na urefu kama 43, seli zilezile zilizokuwa ndani ya dreli za betri za zamani.

Kwenye vichwa vya seli zilizochoka utaona unga mweupe, mkavu, umeganda kuzunguka chuma cha chanya na kutambaa hadi kwenye waya. Ule unga ni maji ya ndani ya seli, haidroksaidi ya potasiamu, yaliyovuja na kukaukia hewani. Ni alkali, tofauti na tindikali ya betri ya gari, na hapa watu huchanganya dawa. Tindikali ya gari huuawa kwa magadi. Alkali hii huuawa kwa siki au maji ya ndimu, kisha unafuta kwa kitambaa chenye maji na kukausha vizuri. Ukiwekea magadi juu ya alkali hujasaidia kitu. Vaa glavu na miwani, maana unyevu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Ukiingia, osha kwa maji mengi safi papo hapo, kwa muda mrefu, halafu uende hospitali. Siki ni ya meza na vyuma tu, usiipeleke jichoni.

Kadimiamu yenyewe ni sumu inayokaa mwilini miaka mingi na kuharibu figo na mifupa. Inachemka kwenye nyuzi 767 za sentigredi, joto ambalo moto mkali wa taka unaweza kulifikia, na moshi wake ukivutwa unaumiza mapafu. Seli ya namna hii haipasuliwi kwa grenda, haichomwi ili kupata chuma, wala haitupwi kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba ambako mvua ya masika itaipeleka kisimani.

Sasa, kwa nini watengenezaji walichagua nikeli-kadimiamu kuwashia injini? Kwa sababu seli hizi zina ukinzani mdogo sana wa ndani, kwa sub-C nzuri ni kama miliomu tano tu. Tuchukue mota ya selfu inayokula ampea 40 kwa sekunde mbili. Hiyo ni ampea-sekunde 80, yaani kama miliampea-saa 22 (miliampea-saa ni kipimo cha umeme ambao seli inahifadhi). Betri ya miliampea-saa 1200, kwa hesabu ya karatasini, ingewasha injini zaidi ya mara hamsini. Kumbe anayetafuta seli zenye namba kubwa kabisa ya miliampea-saa anatafuta kitu ambacho mashine haikiombi. Mashine inaomba seli inayoweza kutoa ampea nyingi kwa ghafla bila volti kuporomoka. Seli ya namba kubwa yenye ukinzani mkubwa itapata moto, volti zitaanguka, na selfu itaguna tu bila kuzungusha injini.

Uwezo huohuo ndio unaoifanya betri hii kuwa ya kuogopwa mezani. Seli moja iliyopigwa shoti kwa bisibisi inaweza kutoa ampea zaidi ya mia. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kabla hujaondoa mkono. Pete na saa ya chuma vivuliwe kabla ya kazi.

Kwenye kuchagua seli mpya, msimamo wangu ni huu: kama unazipata nikeli-kadimiamu mpya, rudisha hizohizo. Zinavumilia joto letu na zinavumilia chaja za kizamani kuliko aina nyingine yoyote. Zikikosekana, chukua za Ni-MH (nikeli na haidraidi ya metali) zilizotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya nguvu kama dreli, volti zake ni 1.2 vilevile, ila ujue hazipendi kuachwa kwenye chaja baada ya kujaa. Lithiamu iwe chaguo la mwisho, na kwa sharti moja ambalo halina mjadala: chaja ya zamani iondoke kabisa, isibaki hata stoo ambako mtoto au kibarua anaweza kuichomeka.

Mazungumzo ya karakana huwa hivi. Mama mwenye shamba anauliza, "Fundi mwanangu, kwani huwezi kuniwekea zile betri za laptopu? Naambiwa zina nguvu kuliko hizi." Fundi anayejua kazi anamjibu, "Zina nguvu mama, ila chaja yako haizijui. Itazijaza mpaka zipitilize, na hizo zikipitiliza zinawaka moto." Jibu hilo ni sahihi kabisa. Seli ya kawaida ya lithiamu-ayoni inapaswa kusimamishwa kwenye volti 4.2. Tatu mfululizo ni 12.6. Chaja nyingi za kizamani za volti 12 ni transfoma na dayodi tu. Bila mzigo zinaweza kutoa volti 18 au zaidi, na hazina kitu cha kuziambia zisimame. Kila seli itasukumwa kupita 4.2, na lithiamu iliyojazwa kupita kiasi hutoa gesi, hupasuka na kuwaka moto ambao ndoo moja ya maji haiuzimi.

Zaidi ya hapo, seli za laptopu zilitengenezwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu, si ampea 40 kwa ghafla. Na zile mpya za bei ya kutupa sokoni zina tatizo la uongo. Seli ya 18650, yenye unene wa milimita 18 na urefu wa 65, haijavuka sana miliampea-saa 3500 hata kwa watengenezaji bora. Ukiona imeandikwa 9900, namba hiyo ni ya kubuni. Mizani ya jikoni inasaidia: seli halisi ina gramu 45 hadi 50, na yenye gramu 30 ina utupu ndani yake. Anayetaka lithiamu kwa dhati atumie ya fosfeti ya chuma, iliyo tulivu zaidi, seli nne mfululizo, na bodi ya ulinzi inayohimili ampea za selfu, na chaja yake inayosimama kwenye volti 14.6. Gharama yake ipigwe hesabu kabla ya kuanza. Mara nyingi itazidi thamani ya msumeno wenyewe.

Tuseme umepata seli kumi za nikeli. Usizisuke siku hiyohiyo. Zilizo mfululizo hupitisha mkondo mmoja, na iliyo dhaifu kuliko zote huisha kwanza. Wenzake tisa bado wana nguvu, wanaendelea kusukuma mkondo kupitia kwake, na seli iliyoisha inaanza kuchajiwa kinyume: chanya inakuwa hasi. Ndani yake inazaliwa gesi ya haidrojeni, shinikizo linapanda, valvu inafunguka na maji yanavuja. Ule unga mweupe mara nyingi ulianzia hapo, kwa seli moja tu kati ya kumi. Ndiyo maana kubadilisha seli mbili mbovu na kuacha nane za zamani ni hasara ya pesa: umeweka wenye nguvu wapya wa kuwaua wanyonge waliobaki.

Kuzilinganisha hakuhitaji mashine ya bei. Chaji kila seli peke yake hadi ijae. Iache ipoe kwa saa moja, kisha ifungie rezista ya omu 1 yenye uwezo wa wati 5, mita ikiwa juu yake, na saa ukutani. Seli ya miliampea-saa 1200 iliyo nzima itachukua karibu saa nzima kushuka hadi volti 1.0. Hapo iondoe. Andika dakika zake ubavuni kwa kalamu ya wino. Zilizokaribiana dakika zisukwe pamoja. Iliyoachwa nyuma sana isiingie, hata kama uliilipia.

Kipimo hicho kinaondoa pia desturi moja mbaya, ile ya kuwasha balbu kwenye betri nzima mpaka izime kabisa "ili kumbukumbu ifutike", yaani betri isizoee kuchajiwa nusunusu. Mtindo huo hugeuza seli dhaifu kinyume kila mara unapofanywa. Kushusha seli mojamoja hadi volti 1.0 kunatosha na hakudhuru. Desturi nyingine ni ya kuipiga seli iliyokufa kwa betri ya gari ili iamke. Wakati mwingine mita inaonyesha volti imerudi, kwa kuwa nyuzi ndogo za chuma zilizoota ndani zikaleta shoti zimeungua. Ila utando wa ndani umeshatobolewa, nyuzi zitaota tena, na kuna siku seli inapasuka wakati wa kupigwa. Mimi siishauri hata kidogo.

Katika kusuka, nunua seli zenye masikio, yaani vibati vidogo vya kuunganishia, yaliyochomelewa kiwandani. Pasi ya risasi ikiwekwa moja kwa moja kwenye kitako cha seli inapeleka joto ndani na kuharibu mpira wa kuziba na valvu, na ubovu wake utauona baada ya miezi. Kwenye masikio, risasi inashika ndani ya sekunde mbili au tatu na joto haliendi mbali. Mwenye mashine ya spoti, ile ya kuchomelea kwa nukta, atumie mkanda wa nikeli halisi. Mkanda wa chuma uliopakwa nikeli una ukinzani mkubwa, na hewa ya chumvi ya pwani yetu itauotesha kutu. Ukwangue kidogo kwa msasa, uuache kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, wa chuma utajionyesha wenyewe. Kichwa cha chanya cha kila seli kivalishwe pete ya karatasi ngumu ya kuhami, kwani hapo chanya na ganda, ambalo ni hasi, hutenganishwa na upana wa ukucha tu, na msumeno unatetemeka kutwa.

Karibu kabisa na nguzo ya chanya weka fyuzi ya gari inayotosha selfu. Kwenye waya wa chaji weka fyuzi nyingine ndogo ya nusu ampea, pamoja na kikata-joto cha nyuzi kama 50 kilichobanwa katikati ya seli. Hicho kifaa kidogo huokolewa kwenye betri mbovu za dreli, na wengi hukitupa bila kujua kazi yake.

Sasa chaja. Nikeli-kadimiamu huchajiwa kwa mkondo usiobadilika, na mkondo wa usalama ni sehemu moja ya kumi ya uwezo: seli ya miliampea-saa 1200 hupewa miliampea 120, kwa saa 14 hadi 16. Mtu atauliza kwa nini isiwe saa kumi. Ni kwa sababu si umeme wote unaoingia unahifadhika. Sehemu yake hupotea kuwa joto na oksijeni, hasa karibu na kujaa. Mtungi ukijaa, maji unayoendelea kumimina humwagika. Kwenye seli hii kinachomwagika ni joto. Kwa miliampea 120 joto hilo ni dogo na ganda linalitoa. Kwa ampea moja, halitoki kwa wakati.

Halafu kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Betri ya gari ikijaa, volti zake zinapanda na mkondo unapungua wenyewe, kwa hiyo chaja ya volti maalumu inafaa. Nikeli-kadimiamu ikijaa na kupata joto, volti zake hushuka. Ukiwa umeifunga kwenye betri ya gari au kwenye mfumo wa bodaboda unaotoa volti 14 na kitu, kushuka huko kunaongeza tofauti ya volti, mkondo unapanda, joto linaongezeka, volti zinashuka tena. Mzunguko huo hausimami mpaka plastiki iyeyuke. Betri ya nikeli haina namna ya kujilinda mbele ya chaja kama hiyo. Hata chaja za dreli za haraka hutegemea kihisio cha joto kilichomo ndani ya betri yake. Ukiunga betri yako bila kihisio, chaja haioni chochote.

Chaja ya kufaa ni ya kujitengenezea kwa vipande vya bei ndogo. Aisii ya LM317, kipande kidogo cha elektroniki chenye miguu mitatu, ikifungwa kama kidhibiti mkondo hutoa ampea sawa na 1.25 gawanya kwa omu za rezista. Rezista ya omu 10 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia inakupa miliampea 125. Betri inachukuliwa kutoka kwenye mguu wa kurekebishia. Adapta nzima ya laptopu ya volti 19 inatosha kuilisha, maana seli kumi zikikaribia kujaa hufika volti 14.5 hivi, na aisii pamoja na rezista vinahitaji kama tatu juu yake. Weka dayodi ya 1N4007 ili umeme wa betri usirudi nyuma umeme wa ukutani unapokatika, na kipande cha bati mgongoni mwa aisii, kwani betri ikiwa tupu aisii inabeba karibu wati moja ya joto.

Kukatika kwa umeme kunagusa pia kuhesabu saa. Swichi ya saa ya kuzungusha, ile ya plastiki inayochomekwa kwenye soketi, husimama umeme ukikatika na kuendelea ukirudi, kwa hiyo saa 14 zinabaki kuwa saa 14 za kweli. Zile za kidijitali, baadhi huanza upya, na betri inaweza kupewa mara mbili. Kwa Ni-MH kosa hilo linaumiza zaidi.

Vijijini ambako hakuna waya, paneli ndogo ya sola ya volti 12 inaweza kulisha LM317 hiyohiyo, kwa sababu bila mzigo inafika karibu volti 21. Itachukua siku mbili au tatu za jua, na hakuna ubaya. Kuifunga paneli moja kwa moja kwenye betri ndilo kosa: paneli ya wati 20 inatoa karibu ampea moja, mara nane ya kile seli inachotaka. Paneli ikae juani, betri ibaki kivulini. Zaidi ya nyuzi 45 seli za nikeli hazipokei chaji vizuri, na ganda jeusi juu ya bati la Masasi saa saba mchana litapita hapo kirahisi.

Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na makuti, mbali na magunia na galoni la petroli. Betri ikishachajiwa kwa muda wa saa kumi na mbili, weka kiganja juu ya kasha. Uvuguvugu ni dalili njema. Ikiwa mkono hauwezi kutulia hapo, chomoa, na usiirudishe kabla ya kupima kila seli: huenda mojawapo ikaonyesha volti karibu na sifuri, nayo ndiyo yenye ubovu.

Betri ya nikeli-kadimiamu inaweza kukaa miezi bila chaji na isife, tofauti na ya gari. Lakini hujimaliza yenyewe, na joto huharakisha. Kwa hiyo ichaji siku moja kabla ya kwenda shamba badala ya kuiacha kwenye chaja tangu masika. Shambani bonyeza selfu kwa sekunde chache, pumzika nusu dakika, ndipo ubonyeze tena. Injini ikigoma mara tatu tafuta tatizo kwenye plagi au mafuta, maana betri haitaitibu.

Seli za zamani zitie selotepu nchani, uzifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na uziweke mahali pakavu ambapo watoto hawafiki. Hizo ni taka hatarishi kisheria. Ofisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wa kuulizwa mkusanyaji mwenye kibali. Muuza vyuma chakavu asipewe, kwa sababu atazipiga nyundo au kuzitia moto.

Kisha andika kwa wino usiofutika, juu ya kasha la betri na juu ya chaja, maneno yaleyale pande zote mbili: Ni-Cd, seli 10, miliampea 125, saa 14, na mwezi na mwaka wa kusukwa. Msumeno huo utaazimwa, utauzwa, utaachiwa kijana ambaye hakuwepo siku ulipoeleza.